Visasili au dhana potofu? Kichwa cha karatasi ya chanjo

Rehema:
Habari zenu wote. Kliniki inataka tafsiri ya karatasi ya chanjo: upande mmoja uvumi, upande wa pili ukweli. Kwa neno la Kiingereza "myths", kamusi inanipa "visasili". Niandike "Visasili kuhusu Chanjo"?

Mwl. Hamisi:
Hapana, dada Rehema. Kisasili ni hadithi ya kale inayoeleza chanzo cha ulimwengu, watu au kifo, na wenyewe huishika kuwa kweli: Gikuyu na Mumbi wa Wakikuyu, Kintu na Nambi wa Waganda. Asiyesoma fasihi shuleni hatalijua neno. Aliyesoma atatafuta hadithi asiione. "Hadithi" nayo iache, Mwislamu atawaza Hadithi za Mtume.

Andika "Dhana potofu na ukweli kuhusu chanjo". Magazeti hupenda "imani potofu", lakini karatasi ikibandikwa msikitini au kanisani, neno imani linagusa dini, na msomaji anajihami kabla ya mstari wa pili. "Uzushi" ni wa jambo lililotungwa makusudi. Mama aliyesikia kwa jirani si mzushi.

Furaha:
Naongezea, Mwalimu. Kwa waliotoka Kivu au Katanga, huko Kongo, hata "dhana" ni neno la vitabuni. Kwao weka "Maneno ya watu na ukweli wenyewe". Halafu ukweli utangulie kwa herufi nzito, uvumi ufuate chini yake ukianza na "Si kweli kwamba". Uvumi ukikaa juu, mwenye haraka husoma huo tu akaondoka nao. Mwisho mpe mtu asiye mkalimani aisome kwa sauti, kisha akueleze bila kuitazama. Anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Mwl. Hamisi:
Naam. Kisasili tukiwekee bango la jioni ya hadithi za watoto (vitabu vingine vya Kenya huandika kisaasili). Hata huko, Fumo Liyongo na Lwanda Magere hawaingii: ni mashujaa, habari zao ni visakale au mighani, yaani hadithi za mashujaa wa kale. Sungura na Fisi kitaaluma ni hurafa, ila wengi wa pwani watasikia khurafa, yaani imani za kishirikina, kwa hiyo andika tu "hadithi za wanyama". Wa kuangalia ni kinyonga aliyechelewa na ujumbe wa uzima, mjusi akamtangulia na wa kifo. Wanyama wamo, lakini kinachoelezwa ni chanzo cha kifo, basi hicho ni kisasili.