Tupeane uzoefu: muswada wa upelelezi umeisha, sasa utokeje?

WajaLeo: Wakuu, hapa Tanga kuna miswada ya upelelezi imelala kwenye laptopu za watu. Anayejua njia aweke hatua na vipimo. Ya "nilivyoteseka" tuyaache kibarazani.

Upepo wa Raskazone: Usikimbilie mchapishaji. Chora kwanza jedwali: siku, saa, kila mtuhumiwa alikuwa wapi, na msomaji ameshajua nini. Riwaya za pwani huvujia kwenye maji. Mwandishi anaweka mwezi mpevu kwa sababu unapendeza, kisha saa nne usiku muuaji anateleza na ngalawa mpaka ufukweni. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua la huku hupwa mida hiyohiyo ya saa nne, saa tano. Huyo muuaji angekuwa anakokota chombo kwenye tope! Ukitaka maji yajae saa hizo, mpeleke kwenye maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu. Na kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo matukio ya siku mbili mfululizo hayawezi kuwa na saa moja ya kujaa.

Siku nazo ni mtego. Kwa wazee wa huku usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya Magharibi. Polisi akiandika Ijumaa saa 22:00, shahidi na jalada la kesi wamepishana siku nzima bila yeyote kusema uongo. Hicho ni kidokezo cha bure, ila uwe umekiweka kwa makusudi.

Bint Chumbageni: Naongeza ngeli. "Aliingia, akafunga mlango" haisemi mwanamume wala mwanamke. Lugha imekufanyia kazi. Lakini ukiandika "kilimponyoka mkononi", msomaji ameshaondoa panga na bunduki. Kasheshe huja ukibadili silaha rasimu ya pili. Kompyuta itageuza "kisu" kuwa "panga" sehemu zote, ila haitagusa "kilikuwa", "hicho", "chake", "alikiosha". Hapo hakuna njia ya mkato: soma kwa sauti, sura moja kwa siku.

Karani Mstaafu: Mahakamani pia mnakosea. Mtuhumiwa wa mauaji hana dhamana. Siku ya kwanza mbele ya hakimu haulizwi kukiri wala kukana. Huambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Wale watu kumi na wawili wa kwenye filamu, wanaoamua kama mtu ana hatia, hatuna. Na PF3, fomu ya polisi, ni ya majeruhi anayekwenda kutibiwa, maiti hapewi.

WajaLeo: Safi. Na kutuma?

Prufu Tu: Soma masharti ya mchapishaji husika. Asipotaja, tumia herufi ya ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba kila ukurasa. Ambatisha sura tatu za mwanzo na muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili. Muhtasari UMTAJE muuaji na jinsi alivyonaswa. Wengi wanamficha ili "kumtamanisha" mhariri, naye anaona mwandishi hajui mwisho wake. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi wa ziada siku ya ugomvi.

Jalada na Gundi: Wa kujichapia mwenyewe, piga hesabu hii. Maneno 60,000 kwenye A5, wastani wa 290 kwa ukurasa, ni kurasa kama 207. Kwenye mashine kubwa karatasi hukunjwa kurasa 16 kwa mkupuo, kwa hiyo lenga 208, yaani mikunjo 13. Ukifika 212 unalipia 224, na 12 zinabaki tupu. Kwa karatasi ya gramu 80, mgongo unakuwa milimita 10 na kidogo. Msanifu asianze jalada kabla idadi ya kurasa haijatulia, la sivyo jina la kitabu la mgongoni litapinda kuelekea mbele. Picha iwe dpi 300 (nukta kwa kila inchi), na rangi izidi ukingo kwa milimita 3 ili kisu cha kukatia kisiache mstari mweupe. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba. Toleo la karatasi na la simu kila moja lina namba yake.

Bint Chumbageni: Chapa nakala moja ya majaribio kwanza. Kosa kwenye skrini halionekani kama kwenye karatasi.

Prufu Tu: Ukipata mchapishaji, uliza asilimia ni ya nini. Kitabu cha shilingi 10,000, asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,000. Asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji, duka likiwa limeshakata asilimia 40, ni 600. Tena kiandikwe kabisa: nakala zikiisha na asipochapa tena ndani ya muda fulani, haki zinarudi kwako.