Naomba ushauri: idara ya dharura inafurika kila jioni, tuanze kurekebisha wapi?

Mleta uzi
Salamu kwenu wanajukwaa. Nimekabidhiwa usimamizi wa idara ya dharura katika hospitali ya ukubwa wa kati, na uongozi unanitaka niwasilishe mapendekezo ya kupunguza msongamano. Kuanzia alasiri hadi usiku wa manane machela zote huwa zimekaliwa, wagonjwa wapya hupimwa presha wakiwa kwenye mabenchi, na baadhi yao huondoka bila kuonana na daktari. Wazo lililoko mezani ni kuongeza machela na kupanua sehemu ya kusubiria. Kinachonitia shaka ni kwamba ukipita jioni na kusoma mafaili, utakuta wengi waliolala kwenye machela hizo wamekwisha kuonwa, majibu ya maabara yametoka na fomu ya kulazwa imesainiwa, ila wodi imejibu kwamba haina kitanda. Je, niunge mkono upanuzi, au kuna mahali pengine pa kuanzia?

Zamu ya Usiku
Ndugu mleta uzi, kabla ya kufika kwenye machela ningeuliza mgonjwa anayeingia anakutana na nani kwanza. Kama ni karani wa kadi, hapo pana hatari kubwa kuliko msongamano wenyewe, kwa sababu mwenye kifua kinachobana atapanga foleni nyuma ya mwenye mafua. Mtu wa kwanza awe muuguzi aliyefunzwa kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Hamna haja ya kubuni mfumo wenu: ule uliotengenezwa Afrika Kusini hujumlisha alama za upumuaji, mapigo ya moyo, presha, joto, fahamu, uwezo wa kutembea na kuwapo kwa jeraha, kisha huangalia dalili za hatari na kumpa mgonjwa rangi. Mwekundu huhudumiwa papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1 na wa kijani ndani ya saa 4. Ugumu uko katika kurudia vipimo. Aliyepewa njano saa kumi jioni anaweza kuwa mwekundu saa kumi na moja, palepale benchini, na hakuna atakayejua ikiwa hakuna aliyepangwa kurudi kumpima.

Fundi Tiba
Mimi sioni ubaya wa upanuzi. Mtu aliyekaa benchini na dripu mkononi hawezi kungojea mijadala yetu. Ongezeni machela sasa, mengine yafuate.

Hesabu Kwanza
Ndugu Fundi Tiba, huruma yako ina haki yake, lakini machela mpya zitajaa kama zilivyojaa za zamani. Iko kanuni ya hesabu za foleni, ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa watu waliomo mahali ni sawa na kasi ya kuingia kwao mara wastani wa muda wanaokaa. Wakiingia wagonjwa 6 kwa saa na kila mmoja akakaa saa 5, mtakuwa na 30 ndani kwa wakati mmoja. Muda ukishuka hadi saa 3 watakuwa 18, bila kumfukuza mtu wala kununua machela hata moja.

Basi tafuteni muda unaliwa wapi. Kwa kila mgonjwa andikeni saa ya kufika, ya kupewa rangi, ya kuonwa na daktari, ya kuamuliwa kulazwa au kuruhusiwa, na ya kuondoka kabisa. Wiki mbili za daftari lililojazwa kwa uaminifu zitawaonyesha mengi. Pengo kubwa likiwa kabla ya daktari, huenda zamu zenu hazifuati saa ambazo wagonjwa hufika, au wa kijani wanahitaji chumba na mhudumu wao wenyewe. Likiwa kati ya daktari na uamuzi, nendeni maabara na eksirei. Likiwa baada ya uamuzi, kama ninavyoshuku, dawa yake haimo ndani ya idara yenu.

Mleta uzi
Nashukuru sana. Daftari letu lina saa ya kufika na saa ya kutoka tu. Saa ya uamuzi haiandikwi popote, na tutaongeza safu yake. Ila nahofia kwamba nikiwapelekea wenzetu wa wodi takwimu hizo, wataona nimekuja kuwashtaki.

Mama Wodi
Mwanangu, nimesimamia wodi kwa muda mrefu, na ninakushauri uje kwanza bila takwimu, saa nane mchana, utazame. Utamkuta mgonjwa ambaye daktari alimruhusu kwenye raundi ya saa tatu asubuhi. Amekwisha vaa nguo zake za kwenda nyumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda na mfuko wake mapajani, anasubiri muhtasari wa matibabu uandikwe, dawa zitoke famasi, malipo yafungwe na ndugu afike. Kitanda hicho kitaachwa jioni, kisha kisafishwe, wakati kwenu watu wameanza kufurika tangu mchana. Raundi ianze na wanaoelekea kuruhusiwa mara tu walio mahututi wakishaonwa, karatasi na dawa zitayarishwe tangu jana yake, ndugu wapigiwe simu mapema, na pawepo sebule yenye viti na muuguzi ambako aliyeruhusiwa atamalizia kusubiri. Hayo hayahitaji jengo jipya.

Zamu ya Usiku
Naongeza kwa Mama Wodi. Hospitali ya Stony Brook, jimbo la New York, ilijulikana kwa utaratibu ambao idara ya dharura ikizidiwa, wagonjwa waliokwisha kuamuliwa kulazwa hugawanywa wodini hata kama watalala kwenye ukumbi kwa muda. Wodi nyingi zikipokea mmoja mmoja, mzigo hubebeka kuliko wote kurundikwa mahali pamoja. Utaratibu huo utiwe saini na mkurugenzi, maana muuguzi wa zamu hawezi kuulazimisha usiku.

Hesabu Kwanza
Tahadhari moja kwa uongozi: wasikimbilie kuweka kikomo cha muda na adhabu. Uingereza iliweka lengo kwamba ifikapo mwishoni mwa 2004 asilimia 98 ya wagonjwa wawe wametoka idara ya dharura ndani ya saa 4, na mwaka 2010 likashushwa hadi asilimia 95. Muda ulipungua kweli, lakini takwimu zilionyesha pia kundi kubwa likiondolewa dakika chache kabla ya kikomo.

Mleta uzi
Nitaomba kikao cha pamoja na wodi, maabara na famasi, na hoja ya machela nitaiweka kando hadi daftari lijae. Mama Wodi, swali la mwisho: mgonjwa aliyekwisha kuamuliwa kulazwa lakini bado yuko kwetu, dawa zake za saa nane usiku zinaandikwa na nani?

Mama Wodi
Hapo ndipo wagonjwa wanapopotea, kwa kuwa daktari wenu anamwona ni wa wodi na daktari wa wodi hajamwona bado. Andikeni jina la daktari mmoja kwenye faili tangu uamuzi unapotoka. Sisi tulikubaliana kwamba timu inayomlaza ndiyo inayoandika dawa na kuja kumtazama popote alipo, nanyi mnabaki na dharura tu, akibadilika ghafla. Muuguzi wenu atupigie simu kila zamu inapobadilishana, atueleze hali yake, alichopewa na kinachosubiriwa, hata kama kitanda bado hakijapatikana.