Tupeane uzoefu: kupaka rangi sanamu za majoka na mazimwi kwenye joto la Mombasa

Mpakaji_Tudor
Assalam aleikum wadau. Leo asubuhi nimetoa kopo langu la praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, nikatazama nje, mawingu yametanda upande wa Likoni, nikalirudisha kabatini. Nikawaza: video zote tunazojifunzia zatoka Uingereza na Marekani, na hewa yao si hii yetu. Hakuna anayekwambia ufanyeje masika yakishika na kuta zinatoka jasho. Mwenye uzoefu wa kupaka hizi sanamu ndogo hapa pwani atupe. Praima, ngozi, macho, vanishi, chochote.

Kisauni_Kwetu
Rangi iwe nyepesi kama tui la pili. Paka mkono wa kwanza, ukauke kabisa, ndipo upake wa pili. Ukipaka nzito mara moja, pua na midomo ya sanamu ya milimita 28 inazibwa, hupati uso tena. Na panka uzime! Akriliki hukaukia kwenye brashi kabla hujafika kwenye sanamu.

Yakhe_Makadara
Kuzima panka mwezi wa pili? Wewe waishi ndani ya friji?

Kisauni_Kwetu
Geuza panka liangalie ukuta basi. Nasema kwa kuwa nimeona kazi nzuri za watu zikiharibika hivyo.

Binti_Mji_wa_Kale
Mimi nataka kusema juu ya ngozi, maana ndiyo iliyonitesa. Mafunzo mengi yaanza na ngozi nyeupe: rangi ya waridi, kivuli chekundu, halafu wanaongeza nyeupe kwenye pua na mashavu. Mimi nlikuwa na sanamu ya mchawi wa kike na nilitaka afanane na nyanya yangu. Kila nikiongeza nyeupe kwenye kahawia, uso unageuka kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu. Niliumia sana, kwa sababu uso ule naujua.

Kilichonisaidia ni kuacha nyeupe kabisa. Naanza na kahawia iliyokoza. Kivuli, chini ya taya na pembeni mwa macho, natia bluu kidogo au zambarau, siyo nyeusi. Mwanga natumia kahawia yenye chungwa ndani yake, naipandisha taratibu: paji la uso, juu ya shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini. Tone la mwisho kabisa ni la njano iliyofifia, na ni nukta tu. Ghafla uso ukawa na joto, ukawa mtu.

Joho lake nikalichora leso. Kwanza pindo, mistari miwili kuzunguka ukingo, halafu mji katikati. Nukta za pindo nimezitia kwa ncha ya sindano, maana brashi inafura ikigusa. Jina la leso halikuingia, nafasi haitoshi, lakini mamangu alipoiona tu akasema, "Huyu ni bibi."

Mpakaji_Tudor
Mashallah dada. Hili la bluu kwenye kivuli sikuwahi kulisikia. Leo usiku najaribu.

NyaliMinis
Naunga mkono. Nyeupe ndiyo adui.

Fundi_Bamburi
Mwaongea mambo ya ngozi na brashi zenu mnanunua za kuchorea kucha Marikiti. Nunua brashi moja ya nywele za Kolinsky, namba 1, itunze, utaona tofauti. Nywele zake zinashika maji na ncha inarudi yenyewe.

Yakhe_Makadara
Kolinsky bei yake na ushuru wa kuiingiza ni chakula cha wiki kwangu. Hizo za kucha zachora macho vizuri tu.

Fundi_Bamburi
Zachora wiki moja, halafu zinapinda ncha.

Yakhe_Makadara
Nanunua nyingine. Tatizo liko wapi?

Kisauni_Kwetu
Nyote wawili, msizamishe brashi mpaka kwenye lile bati linaloshika nywele. Rangi ikikauka mle ndani nywele zinatawanyika, iwe ya bei gani. Osha kwa sabuni, chonga ncha kwa vidole, uilaze.

Fundi_Bamburi
Mimi ncha naichonga kwa ulimi.

Binti_Mji_wa_Kale
Kaka, usifanye hivyo. Baadhi ya rangi zina madini yasiyofaa kuingia mwilini. Na sanamu za zamani za chuma zilikuwa na madini ya risasi ndani yake. Watoto wasiziweke mdomoni, na nawe ukizipiga msasa usivute lile vumbi.

Abu_Jahazi
Ngoja niwape yangu, maana huu uzi umenikumbusha jambo ambalo moyo wangu haujalisahau.

Nlikuwa na joka. Resini, mabawa yamekunjuliwa, kila gamba limechongwa. Nilianza na praima nyeusi mwili mzima, halafu nyeupe kutoka juu tu, kama jua la saa saba mchana, ili vivuli vijionyeshe vyenyewe kabla sijatia rangi yoyote. Magamba niliyapaka kijani ya bahari, nikapitisha brashi kavu, yenye rangi kidogo sana, juu yake, halafu ukingo wa gamba mojamoja kwa mkono. Usiku baada ya Isha mpaka macho yanauma. Lilikuwa la mpwa wangu, amalizapo darasa la nane nimpe.

Siku ya vanishi niliangalia mbingu, hakuna wingu. Nikapanda juu ya dari, nikapuliza, kopo mbali kiasi cha sentimita 25, pepesi, kama inavyotakiwa. Kufumba na kufumbua mvua ya ghafla, ile isiyobisha hodi. Nikalikumbatia joka nikakimbilia ndani. Halikulowa hata tone. Nikaliweka mezani, nikaenda kuswali. Niliporudi lilikuwa jeupe! Joka zima lina ukungu, kijani haionekani, macho hayaonekani. Unyevu wa hewa uliingia kwenye vanishi ikiwa bado mbichi. Nilikaa chini sakafuni. Mke wangu akadhani kuna msiba, akauliza nani amefariki.

NyaliMinis
Uwiii! Likapona???

Yakhe_Makadara
Ami, usituache hapo. Picha!

Mpakaji_Tudor
Wallahi nimesisimka mwili.

Dada_Kongowea
Mafuta ya zeituni. Unasugua kidogo sana kwa kitambaa, ukungu unaondoka.

Yakhe_Makadara
Au mafuta ya nazi, joka linukie pilau.

Fundi_Bamburi
Mafuta yoyote yatashika vumbi. Liogeshe kwenye pombe ya isopropili rangi itoke, uanze upya.

Dada_Kongowea
Aanze upya? Umesoma alichoandika kweli? Kila gamba kwa mkono!

Abu_Jahazi
Dada Kongowea, ahsante. Mafuta sikujaribu, na isopropili nilikataa. Nilisubiri siku kavu, nikapaka vanishi ya kung'aa kwa brashi, mkono mwembamba, na ukungu ukayeyuka mbele ya macho yangu. Kijani ikarudi. Ikishakauka nikapaka isiyong'aa juu yake, kwa brashi vilevile. Utando wa bawa la kushoto tu ulibaki na weupe, nikaupaka upya zambarau. Mpwa wangu analo hadi leo, na bawa hilo ndilo alipendalo.

Tangu siku ile vanishi ya kopo sitii mkononi kuanzia mwezi wa nne mpaka mvua zikatike.

NyaliMinis
Alhamdulillahi.

Mtwapa_Kijana
Mimi kaskazi ndiyo inanisumbua. Joto na upepo, praima inafika kwenye sanamu imekuwa chembechembe, ukigusa ni msasa.

Kisauni_Kwetu
Hiyo inakaukia hewani. Sogeza kopo karibu kidogo, puliza asubuhi kabla jua halijawa kali, ndani ya boksi lililolala ubavu ili upepo usiingie.

Msomaji_Kibokoni
Samahanini, ila sanamu za viumbe zina hukumu yake kwenye dini. Mmeuliza?

Abu_Jahazi
Swali lako lina heshima yake ndugu yangu. Mimi nimemuuliza shekhe wangu, nawe muulize wako. Hapa tuendelee na rangi.

Yakhe_Makadara
Na zile rangi za Contrast? Citadel, watengenezaji wa rangi za sanamu, walipozitoa 2019 wengi tuliona mambo yameisha, mkono mmoja juu ya nyeupe, kivuli chajitia chenyewe.

Fundi_Bamburi
Huo si upakaji.

Binti_Mji_wa_Kale
Ni upakaji. Kwenye manyoya na nguo yenye mikunjo mimi nazitumia kwa raha. Kwenye uso, hapana.

Mtwapa_Kijana
Palete yangu ya sifongo, ile ya kuweka rangi isikauke, yaota kuvu kwa hili joto. Mwafanyaje?

Dada_Kongowea
Maji ubadilishe kila siku, na ukimaliza iweke kwenye friji. Mwambie mama mapema ni kitu gani, asiitupe.

Mpakaji_Tudor
Praima ya kupaka kwa brashi, hapa Mombasa nani ameipata dukani? Naona mvua hii haiishi leo.