Skrini ya dashibodi inazima kila baada ya dakika 20, ninunue ipi?

Mshale_Haurudi: Wakuu habari za jioni. Nina BMW E36 naiandaa kwa autokrosi, zile mbio za magari za kushindana na saa. Nimeikatia dashibodi ya bati la aluminiamu, nikafunga skrini ya inchi 7: joto la maji, presha ya oili, mizunguko ya injini. Inakaa dakika 20 hivi, inafifia, inazima. Nataka skrini isiyosumbua, bajeti laki 4. Picha hiyo hapo. Natanguliza shukrani.

Mstaafu_wa_Penzi: Laki nne skrini? Oa kwanza.

Spana_10: Nilifunga kama hiyo kwenye Starlet. Jua la Dodoma saa saba mchana huoni kitu, unaendesha huku kiganja kimeikinga. Nikarudi geji za mshale, hizo jicho la pembeni linatosha. Starlet yenyewe niliuza nikanunua mashine ya kusaga, namshukuru Mungu.

Fundi_Buguruni: Skrini haina kosa. Geji za kiwandani ziko wapi?

Mshale_Haurudi: Zipo. Kwani vipi mkuu?

Fundi_Buguruni: Zipo kwenye gari, au zipo duniani?

Mshale_Haurudi: Niliziuza. Elfu 90. Zilikuwa zinaongeza uzito tu.

Fundi_Buguruni: Ugonjwa ndio huo. Ile taa nyekundu ya betri kwenye geji hizo si pambo. Ukifungua swichi, umeme unapitia kwenye hiyo taa, unashuka na waya wa buluu kwenda kuamsha altaneta, ile inayochaji betri. Umeuza taa, altaneta imelala, unakula betri. Pima injini ikiunguruma: inatakiwa volti 14 hivi, wewe utakuta 12 na inashuka. Funga balbu ya volti 12, wati 3, kati ya umeme wa swichi na huo waya. Isiwe LED, haipitishi umeme wa kutosha.

Mshale_Haurudi: Balbu itaharibu muonekano. Nikiweka betri kubwa?

Mama_Tausi: Mwanangu, hiyo gari ni yako kweli?

Mshale_Haurudi: Ya kaka. Yuko Muscat. Aliniachia niwe naiwasha, betri isife.

Mstaafu_wa_Penzi: 😂😂😂

Kijiwe_Nongwa: Chai hii, tena ya tangawizi. Usukani kwenye picha uko kushoto. Na Januari huyuhuyu alikuwa anauliza bei ya bajaji.

Mshale_Haurudi: Picha ni ya mfano, nimeitoa mtandaoni. Bajaji ilikuwa ya shemeji.

Kijiwe_Nongwa: Kila kitu cha ndugu. Weka picha ya waya wa buluu, na karatasi yenye tarehe ya leo.

Spana_10: Hata kama ni chai, hilo la waya nimelinakili.

Mshale_Haurudi: Wakuu nimerudi. Bila balbu 11.9. Na balbu 14.1, skrini saa nzima haijafifia. Nimeificha chini ya usukani.

Fundi_Buguruni: Safi. Sasa mtafute aliyenunua geji kabla kaka hajatua.

Mshale_Haurudi: Nimempigia. Ameshazifunga kwenye yake.

Kijiwe_Nongwa: Picha?