Naomba ushauri: wapi pa kuwapiga picha tai wa porini kwa karibu?

Habari wakuu. Napanga safari yenye lengo moja tu, tai, na nimebaki na sehemu mbili kichwani. Ya kwanza ni mto Chilkat kule Alaska, ambako tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika kwa wingi mwezi Novemba kula samoni, kwa kuwa kipande cha mto huo hakigandi. Ya pili ni Rausu, Hokkaido, Japani: Februari unapanda boti alfajiri kuwafuata tai wa Steller, aina ya tai wa baharini, kwenye barafu ya bahari. Hao ni majitu, jike hufikia hadi kilo 9!

Kinachonikwaza ni kwamba boti za Rausu huwarushia samaki ili wasogee. Picha zinatoka safi sana, lakini kwangu ladha inapungua. Waliokwenda, je, kuna boti zisizofanya hivyo? Au nichague Chilkat nikae kando ya mto, nisubiri waje wenyewe? Viotani siendi, maana mzazi akishtuka na kuruka, mayai yanapoa.

Halafu vifaa. Nina lenzi ya milimita 400. Inatosha, au niazime ya 600, inayovuta mbali zaidi lakini naiogopa kwenye boti inayoyumba? Spidi ya shata, yaani muda kamera inapofunguka kupokea mwanga, nafikiria 1/2000 ya sekunde kwa tai anayeruka. Kichwa cheupe juu ya mwili mweusi mnakipimiaje mwanga kisiungue, yaani kisitoke doa jeupe tupu kwenye picha? Na betri kwenye baridi ile mnazitunzaje?