"Aina ni aina tu": mtu mzima anatamka hivi hadharani!

Bi_Mantiki:
Wakuu, nimeshuka daladala sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Natoka kikaoni, na yule bwana aliyenikata huko mnamjua. Yule wa miwani puani na "sisi tuliosoma nje". Simtaji, mkataba wangu ni wa mwaka mmoja.

Wiki tatu silali, natafsiri Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Shida ni maneno yake mawili: genos, yaani kundi pana, na eidos, kundi dogo lililo ndani yake. Chukueni ile ngazi ya mwanafalsafa Porphyry, inayoshuka toka kundi pana hadi dogo: dhati (kitu kinachojitegemea kuwepo), mwili, chenye uhai, mnyama, mtu. Mnyama hapo ni genos kwa mtu aliye chini yake, lakini ni eidos kwa chenye uhai kilicho juu yake. Sasa ukiita kote "aina", unaandika "mtu ni aina ya aina ya aina ya aina ya dhati" mpaka msomaji anafunga kitabu akalale. Nikasema, genos tuiite jinsi na eidos tuiite nau, ndivyo wanavyosoma mantiki kwa Kiarabu. Na hiyo jinsi yenyewe asili yake ni genos, imetufikia kwa kupitia Waarabu!

Akanikata katikati. "Dada yangu, aina ni aina tu. Hapa hatupangi mitumba."

MITUMBA. Mbele ya watu arobaini. Hadi kijana wa kugawa maji alicheka, chupa zikamponyoka. Mitumba, jamani!

Kobe_Mzee:
Nau ndiyo nini? Nauli imepanda tena?

Mpishi_wa_Mjini:
Dada pole, ila ukiandika "jinsi ya mnyama" mimi nasubiri vitunguu na chumvi kiasi.

Bi_Mantiki:
Chekeni tu. Neno "fasili" mnalitumia kila siku, na kwenye mantiki ya Kiarabu fasili ndiyo ile tofauti inayomtenga mtu na wanyama wengine. Hilo mbona halinuki pilau? MITUMBA, alisema!

Belo_Jipya:
Mimi nauza mitumba Karume na nimetukanwa kuliko wewe. Belo likifunguliwa kuna gredi wani, gredi tuu na ya kupigia deki. Changanya uone kama utarudi na nauli. Huyo bwana aje nimfundishe.

Msomi_Mkavu:
Bwana ana hoja. Aristotle mwenyewe kwenye vitabu vyake vya wanyama hashiki mstari, kundi hilohilo huku genos, kule eidos. Wewe unataka kumzidi mwenye mali?

Bi_Mantiki:
Kama yeye alichanganya, mfasiri ndiyo apewe ruhusa ya kulala? Na hakusema hayo. Alisema mitumba.

Ngeli_za_Babu:
Hivi Kagame mmemsahau? Alexis, padri wa Rwanda, si huyo mwingine. Mwaka 1956 alichukua ngeli za Kinyarwanda akapata makundi manne ya vyote vilivyopo: umuntu (mtu), ikintu (kitu), ahantu (mahali na wakati), ukuntu (namna). Yale makundi kumi ambayo Aristotle aligawia vyote vilivyopo, yote akayaingiza humo.

Kobe_Mzee:
Kwa hiyo kwetu kiziwi na kijana ni vitu? Na kiboko? Mwalimu wangu wa darasa la sita alinichapa kwa "kiboko kimelala".

Mpishi_wa_Mjini:
Alikuchapa kwa kiboko kipi, kimelala au amelala? 😂

Mchangaji_Sugu:
Mnaongelea ngazi, mimi nimechangia harusi elfu themanini nikapewa kadi ya singo. Jirani katoa elfu hamsini ana dabo na meza ya mbele! Kamati inatumia genos gani?

Belo_Jipya:
Mweka hazina ni shemeji yake, hapo ndipo pa kuanzia.

Ngeli_za_Babu:
Mimi nilikalishwa nyuma ya spika. Keki niliisikia tu.

Bi_Mantiki:
Wakuu, tulikuwa kwenye jinsi na nau…

Kobe_Mzee:
Dada subiri kidogo. Mkuu Mchangaji, na hiyo singo ulipata soda au maji?