Bodi ya tangi la maji kwa PoE: 24 V, moduli, au nichore mwenyewe?

Kibirikani (Lamu)
Salaam aleikum mafundi. Nachora bodi ya kupima maji kwenye tangi la nyumba ya wageni hapa Mkomani. Wi-Fi haifiki, kuta za matumbawe zinaimeza. Nataka waya mmoja wa Etheneti, mita 40 hivi, ulete data na umeme pamoja, ndiyo PoE. Bodi ni ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) na LAN8720 (chipu ya Etheneti), haili zaidi ya wati 2. Nitie 24 V kwenye jozi za nyaya zisizotumika, ninunue moduli ya PoE, au nichore mwenyewe kwa chipu ya PoE ya TPS2375 na transfoma?

Fundi_Ngomeni
24 V, usijisumbue. Chanya nyaya 4 na 5, hasi 7 na 8, kishusha volti kwenye bodi, basi.

Nyuzinyuzi
Ubaya wa hiyo, haiulizi. Swichi ya mtandao ya 802.3af, kiwango rasmi cha PoE, hutafuta kwanza risista ya kilo-omu 25 hivi upande wa pili, isipoiona haitoi umeme. Kwangu mtu alichomeka laptopu kwenye waya wa 24 V, tundu la mtandao likafa papo hapo. Bodi zikiwa chini ya kumi chukua moduli. Kuchora kibadilishi cha 48 V chenye transfoma utakesha, tena kwa wati 2? Af inakuhakikishia wati 12.95 mwisho wa mita 100. Ila weka madaraja mawili ya dayodi, maana umeme waweza kuja kwa 1, 2, 3, 6 au kwa 4, 5, 7, 8. Na soketi ya RJ45 iwe imetoa nje nyaya za katikati ya transfoma. Nyingi za bei rahisi hazitoi, utajua umeshalehemu.

Bi_Omu
Mwanangu, unapima kwa kitu gani?

Kibirikani
Fimbo mbili za stenlesi, bibie.

Bi_Omu
Basi hiyo moduli iwe imetenganishwa, umeme wa kuingia usigusane na wa kutoka, ivumilie 1500 V. Nyingi za bei chini hazina kinga hiyo. Zinafaa sanduku la plastiki lisilo na chuma cha kuguswa, wewe chuma chako kimo kwenye maji watu wanayoogea! Jingine: usiilaze ESP32 usingizi mzito, ile hali ya kula umeme kidogo mno. Swichi isipoona miliampea 10 kwa karibu nusu sekunde inakata umeme. Bodi yangu ilikuwa ikiwaka na kuzima usiku kucha, nikalaumu lehemu wiki nzima.

Fundi_Ngomeni
Hilo la fimbo sikuliwaza, narudi nyuma. Swichi nzima ya af si lazima lakini, kiinjekta kimoja, kifaa cha kutia umeme wa PoE kwenye waya, chatosha. Na chumvi ya huko: paka vanishi bodi yote isipokuwa soketi, mdomo wake utazame chini.

Kibirikani
Haya, moduli iliyotenganishwa, na dayodi ya TVS ya 58 V, ya kumeza mishtuko ya volti, mlangoni. Soketi nimeulizia Mombasa. Itakuja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti.